Apitaye Peke Yake: Barabara za Zamani za Milimani na Kipimo cha Amani Yetu

Katika makanisa yetu ya mashariki kuna ushuhuda ambao tumeuzoea mpaka hatuusikii vizuri tena. Kwaya imemaliza kuimba, mwongozaji wa ibada anauliza kama kuna mwenye neno la shukrani, na mama mmoja anasimama katikati ya viti. Anasema: Bwana asifiwe. Nilikuwa safarini, nilitoka Lubero, Mungu amenifikisha. Kanisa linajibu Amina, mama anatoa sadaka yake ya shukrani, anaketi, ibada inaendelea.

Mama huyo hakusema kwamba amepona ugonjwa. Hakusema kwamba mtoto wake amepata kazi. Alisema tu kwamba alipanda gari mahali fulani na kushuka mahali pengine. Katika nchi nyingi hilo si jambo la kumsimamisha mtu kanisani. Kwetu ni neno la machozi, na kila anayelisikia anajua sababu bila kuelezwa.

Safari hii tumeamua kuuchukua ushuhuda huo kama habari ya siku. Barabara zetu za zamani za milimani, ambazo babu zetu walizilima kwa jembe na ambazo leo tunaziita kwa namba, zinatuambia nini juu ya hali ya nchi? Ndugu wapendwa, tungependa kuwapa kipimo kimoja cha amani, rahisi kukumbuka. Amani imefika siku ile mtu mmoja, asiye na askari wala mkubwa wa kumpigia simu, anapopita peke yake katika barabara ya mlimani na kufika.

Safari ya Ngomo

Miaka michache kabla ya vita kufika Bukavu, mmoja wetu alitumwa Uvira kwa kazi ya kanisa. Wanaoijua njia hiyo wanajua ajabu yake. Watu wengi wa Bukavu waendao Uvira hawapiti ndani ya Kongo. Wanavuka mto Ruzizi, wanaingia Rwanda, wanashuka kwa lami mpaka Bugarama, kisha wanavuka tena mpaka na kurudi nyumbani kwa kuingilia Kamanyola. Ili kutoka mji mmoja wa Kivu ya Kusini kwenda mwingine, unaaga nchi yako asubuhi na kuisalimu tena mchana.

Ndugu yetu hakuweza kufanya hivyo. Karatasi yake ya kuvukia ilikuwa imeisha muda, na wenzake waliokuwa na karatasi hawakutaka kupita njia nyingine. Basi aliazima piki-piki ya parokia na kushika barabara ya zamani, ile ya taifa namba 5, inayopita Nyangezi na kuteremka kwenye miteremko ya Ngomo. Ziwa Kivu liko kwenye meta 1,460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini ya meta 780. Kati ya maziwa hayo mawili mtu anashuka karibu meta 700, na sehemu kubwa ya mshuko huo iko Ngomo. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni shimo, na katikati ni njia ambayo malori mawili hayawezi kupishana bila mmoja kurudi nyuma.

Barieri ya kwanza ilikuwa ya vijana wa kijiji. Walikuwa na kamba, majembe na chungu ya mawe, na kweli walikuwa wamefukia mashimo. Aliwapa kitu kidogo kwa moyo mkunjufu. Barieri ya pili ilikuwa ya watu wenye sare. Hawakuwa na jembe. Waliomba karatasi ya piki-piki, wakaiona. Waliomba karatasi ya safari, wakaiona. Kisha wakauliza swali ambalo hakulisahau: Uko na nani?

Alipojibu kwamba yuko peke yake, bei ilipanda.

Mtu aliye ndani ya taksi hajui mambo haya yote, kwa sababu dereva ndiye anayelipa, naye anajua bei ya kila kamba. Mtu aliye katika kundi ana mashahidi. Mtu aliye peke yake hana shahidi, hana wa kumsaidia kubishana, na jua linatembea. Kila dakika anayosimamishwa inampunguzia mwanga wa kushukia mlima. Wanaoshika kamba wanalijua hilo kuliko sisi.

Kwenye barieri ya tatu mbele yake alikuwa mama mwenye mzigo wa mihogo, amefunga kamba ya mzigo kwenye paji la uso kama wamama wetu wa milimani wanavyobeba. Hakusema neno. Alipiga magoti kidogo ili mzigo ufikiwe, na mtu mmoja akachomoa mihogo miwili. Mama akasimama, akaendelea. Ilikuwa kazi ya sekunde chache, na hapakuwa na ugomvi. Ndugu yetu anasema ndicho kilichomuumiza zaidi: mihogo ilitoka kana kwamba haikuwa yake tangu mwanzo.

Chini zaidi, Fuso moja ilikuwa imekwama kwenye kona, na abiria wake walikuwa wakishusha magunia. Motari mmoja asiyemjua alikuwa amesimama pembeni akisubiri njia. Alimtazama ndugu yetu namna alivyoshika usukani, akatambua kwamba si mzoefu, akamwambia amfuate nyuma na apite pale pale atakapopita yeye. Wakashuka hivyo pamoja mpaka tambarare. Huyo motari hakuomba franka hata moja. Usiku ulipoingia, ndugu yetu alikuwa Kamanyola, kwenye nyumba ya mchungaji, akila ugali na watoto wa nyumbani. Alipopiga hesabu yake kitandani, aligundua kwamba amelipa kamba za barabarani pesa nyingi kuliko mafuta ya piki-piki.

Safari hiyo haikuwa na risasi wala damu. Ilikuwa siku ya kawaida, na ndiyo maana tumeisimulia.

Barabara iliyolimwa kwa fimbo

Wazee wetu wanaposimulia barabara hizi, wanaanza na fimbo. Wakati wa Wabelgiji, vijiji vingi vilihamishwa kutoka vilimani na kuwekwa kando ya barabara, ili chifu na mtoza kodi wavifikie kwa urahisi. Kila kijiji kilipewa kipande chake cha kulima na kutunza. Kahawa, pareto, dhahabu na bati vilishuka kwa njia hizo. Kwa mkulima, barabara ilikuwa kwanza kazi ya lazima, kisha ikawa mlango ambao kodi iliingilia nyumbani mwake.

Baada ya uhuru tulidhani mambo yatabadilika. Katika miaka ya 1970 salongo ilikuja na nyimbo zake, lakini mwananchi aliyeshika jembe kwa nguvu aliona ni kazi ile ile yenye jina jipya. Watunza barabara waliokuwa na mshahara waliacha kuupata, mitaro ikazibwa na udongo, na mvua ikafanya ilichotaka.

Kuna mfano mmoja unaotufundisha kuliko hotuba nyingi. Barabara ya taifa namba 3 inatoka Bukavu, inapita katika milima ya Kahuzi-Biega, inashuka Bunyakiri na Hombo, inaingia msitu wa Walikale na kwenda mpaka Kisangani. Vipande vyake vilitiwa lami, na wengi walitumaini kwamba Kivu na mto Kongo vitashikana mikono. Vita vilipokuja, madaraja yakaanguka na msitu ukarudi juu ya barabara. Lakini karibu na Walikale, mahali paitwapo Kilambo, kilibaki kipande cha lami kilichonyooka. Ndege ndogo kutoka Goma zilianza kutua juu yake ili kubeba madini ya bati yaliyochimbwa Bisie na kushushwa msituni kwa mabega ya watu. Barabara iliyokusudiwa kuunganisha watu wa milimani na watu wa mtoni ikawa uwanja wa ndege wa mawe. Magari yalisimama yakingoja ndege ipite.

Tunayasema haya kwa sababu wengi wetu tunapenda kusema kwamba barabara zetu ziliharibiwa na vita peke yake. Vita viliharibu mengi. Lakini kabla ya risasi ya kwanza, tulikuwa tumekwisha kufundishwa kwamba barabara ni mali ya mkubwa, na kwamba mpita-njia ni mtu wa kukamuliwa. Anayefunga kamba leo amerithi somo la zamani.

Hesabu ya kamba

Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walitoa hesabu ya barieri katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walihesabu 798. Nyingine zilikuwa za jeshi na polisi, nyingine za idara za serikali, nyingine za vikundi vyenye silaha. Tangu hapo mistari ya vita imehama mara nyingi, na kamba zimehama pamoja nayo.

Inafaa tuelewe jinsi jambo hili linavyofanya kazi, maana mara nyingi tunasikia kwamba vita vyetu ni vya madini tu. Kumiliki shimo la madini kunahitaji watu wa kuchimba, wanunuzi na ulinzi. Kumiliki kona moja ya barabara mlimani kunahitaji kamba na bunduki mbili. Shimo la madini linaweza kuisha, lakini maharage, viazi, mbao, makala na watu vitapita kila siku. Ndiyo maana vikundi vingi vinapigania kona, daraja na kilele cha mlima mahali ambapo chini ya udongo hakuna dhahabu yoyote. Mlima wenyewe unafanya kazi ya ukuta, kwa sababu hakuna njia ya pembeni ambayo gari linaweza kupita.

Na nani analipa? Tufuate gunia moja la maharage kutoka shambani mpaka soko la Goma. Mwenye gari analipa kwenye kila kamba, kisha anaongeza malipo hayo kwenye bei ya usafiri. Mfanyabiashara anaongeza kwenye bei ya gunia. Mama anayeuza kwa vikombe anapunguza kikombe. Mwishoni kamba zote zinalipwa na watu wawili: mkulima, ambaye amenunuliwa kwa bei ya chini, na mama wa mjini anayepika sufuria iliyopungua. Barieri ni kodi ya chakula cha maskini, na haina risiti.

Kuna jambo jingine ambalo tunalisema kwa huzuni. Baadhi ya wanaoshika kamba Jumamosi wako kwetu Jumapili. Tunawajua. Wengine ni askari ambao mshahara wao haufiki au unafika umekatwa, wenye wake na watoto katika kambi za mabanda. Hatuwezi kuwahukumu kana kwamba sisi hatuli. Lakini hatuwezi pia kupokea sehemu yao ya kumi bila kuwauliza imetoka kwa nani. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwagusa mahali penyewe: kiasi wanachotoza, jeuri yao kwa watu, na kuridhika na mshahara wao. Habari hiyo iko katika Luka 3, na inafaa kuhubiriwa katika kila parokia iliyo karibu na barabara.

Njia kuu zilipokatika

Tunaandika kwa makini, kwa sababu wasomaji wetu wako pande zote za mistari ya vita, na neno moja linaweza kumletea mtu shida. Lakini mambo yafuatayo yanajulikana na wote.

Barabara ya taifa namba 2 ndiyo uti wa mgongo wetu. Kutoka Bukavu inafuata ufuko wa Ziwa Kivu kwa Kalehe, Minova na Sake mpaka Goma. Kutoka Goma inapita Rutshuru, inavuka tambarare ya Rwindi ndani ya Mbuga ya Virunga, kisha inapanda miteremko ya Kabasha kwenda Kanyabayonga, na kutoka hapo inafuata vilele vya baridi vya Lubero mpaka Butembo na Beni. Kati ya Lubero na Butembo inavuka mstari wa ikweta. Kutoka Goma mpaka Butembo ni kama kilometa 300 tu.

Hata kabla ya vita vya sasa, safari hiyo ilikuwa na hofu yake. Februari 2021 balozi wa Italia, mlinzi wake na dereva wao Mkongomani waliuawa Kibumba, si mbali na Goma. Dunia nzima iliisikia habari hiyo. Watu wa Rutshuru waliomboleza, na wakakumbuka pia wengi wao waliotekwa katika barabara hiyo hiyo ambao majina yao hayakusomwa kwenye redio yoyote.

Kisha mwaka 2022 M23 walichukua Bunagana mwezi wa Juni, na Rutshuru mwezi wa Oktoba. Barabara ikakatika. Mwishoni mwa Juni 2024 mapigano yalifika Kanyabayonga. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa, na Februari 2025 ikawa zamu ya Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na mzigo wote ukaangukia barabara. Mtu wa Butembo anayetaka kumzika mama yake Goma amejifunza kupitia Kasindi, kuzunguka Uganda, na kuingilia mpaka mwingine. Safari ya siku moja imekuwa ya siku mbili au tatu, kwa pesa za kigeni na mihuri ya nchi za watu.

Katika wimbo wa Debora, Waamuzi 5, kuna maneno ambayo pengine tumeyapita haraka. Unapoeleza siku za taabu ya Israeli, wimbo hauanzi na idadi ya maiti. Unaanza na barabara: njia kuu zilikuwa tupu, na wasafiri walipita njia za kuzunguka-zunguka. Mwandishi wa kale alijua kwamba ukitaka kuona kama nchi ina ugonjwa, tazama watu wanapita wapi. Sisi leo tunazunguka kwa Rwanda ili kufika Uvira, na kwa Uganda ili kufika Goma. Maneno hayo yameandikwa juu yetu.

Tusisahau pia kwamba milima yetu inaua bila bunduki. Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, na moto wake ukaua watu zaidi ya 230. Mei 2023 mvua ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, kando ya barabara hii ya namba 2, na zaidi ya watu 400 wakafa. Mahali penye barabara mbovu, gari la wagonjwa halifiki, na majeruhi ambaye angeishi anakufa. Wafu wa namna hii hawaingii katika hesabu ya vita, lakini ni wafu wa barabara.

Pamoja na askari, au bila askari

Katika barabara ya Beni kwenda Komanda, kwa sababu ya mauaji ya ADF, serikali iliweka misafara: magari yanakusanyika asubuhi na kusindikizwa na jeshi. Watu wengi wamefika kwa njia hiyo, na tunashukuru. Lakini Septemba 2021 msafara wenyewe ulishambuliwa katika Ituri, magari yakachomwa na watu wakatekwa. Na wengi wenu mnajua kwamba mkulima wa kilometa ya ishirini hawezi kungoja msafara kila mara anapokwenda shambani au kisimani.

Biblia inatupa wasafiri wawili. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa njiani, akatangaza mfungo kando ya mto Ahava na kusafiri bila ulinzi. Nehemia, katika safari ya nchi ile ile, alisindikizwa na maofisa na wapanda farasi wa mfalme, wala hakuona aibu. Maandiko hayamlaumu yeyote kati yao. Basi tusimwambie dada anayengoja msafara kwamba hana imani, wala tusimwambie ndugu aliyepita peke yake kwamba ni mjinga. Kila mmoja anatafuta kufika.

Lakini msafara ni fimbo ya kiwete. Unamsaidia kutembea, hauponyi mguu. Nchi ambayo watu wake wanasafiri kwa kusindikizwa tu bado haijapona, hata kama siku hiyo hakuna aliyeuawa.

Kwa kipimo hicho tusome pia mikataba. Juni 27, 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi huko Washington. Julai 19, 2025 serikali na AFC/M23 walitia sahihi tamko la misingi huko Doha. Desemba 4, 2025 marais wawili walikutana Washington kuthibitisha. Tuliomba kwa ajili ya mikutano hiyo, na hatujutii. Lakini katika siku zile zile za Desemba mapigano yalishuka bonde la Ruzizi kupitia Luvungi na Sange, na Uvira ikaanguka. Maelfu walikimbilia Burundi. Barabara ile ambayo ndugu yetu aliimalizia kwa amani baada ya kulala Kamanyola, ilijaa wamama wenye magodoro vichwani.

Hatusemi kwamba karatasi hazina maana. Tunasema karatasi isomwe kando ya barabara. Tuwaulize wakubwa wa pande zote maswali madogo: Je, kamba ya mahali fulani imeondolewa? Je, mama anaweza kwenda soko la kijiji cha pili bila kuacha mihogo miwili? Je, mgonjwa anavuka mstari? Wakijibu kwa matendo, tutajua.

Tuwe waangalifu pia na habari njema. Juni 2021 Kongo na Uganda zilizindua kazi ya barabara za jumla ya kilometa 223: Kasindi mpaka Beni, Beni mpaka Butembo, na Bunagana mpaka Goma kupitia Rutshuru. Lami ni baraka, na anayepinga lami hajawahi kusukuma Fuso kwenye matope. Lakini lami haichagui anayepita. Inabeba kabichi, na inabeba pia vifaru. Bila haki, barabara nzuri inafanya vita vifike haraka zaidi.

Kanisa liko kando ya barabara

Sasa sisi tufanye nini? Makanisa yetu mengi yalijengwa kando ya njia hizi za zamani, kwa sababu wamisionari na wainjilisti wa kwanza walipita huko huko. Hiyo ni nafasi, na ni wajibu.

Jambo la kwanza ni nyumba. Mfano wa Msamaria mwema ni habari ya mtu aliyesafiri peke yake katika njia ya mlimani. Kutoka Yerusalemu mpaka Yeriko ni chini ya kilometa 30, lakini mshuko wake unafika karibu meta 1,000. Ni Ngomo yao. Tumezoea kuhubiri juu ya kuhani, Mlawi na Msamaria, tukimsahau mwenye nyumba ya wageni. Bila nyumba ile iliyokuwa wazi njiani, Msamaria angempeleka wapi majeruhi? Kila parokia iliyo barabarani iwe na chumba kimoja, godoro, maji na mtu anayejulikana wa kufungua mlango usiku. Watu wa Kamanyola walifanya hivyo bila kuandika mradi.

Jambo la pili ni jembe. Kuna vijiji vyenye kamati za kutunza barabara, na vijana wetu wamo. Kanisa linaweza kuwapa mawe, chakula na daftari, ili anayetoa franka aone zimefanya nini. Kamba yenye jembe na daftari ni tofauti na kamba yenye bunduki. Tukiwasaidia wa kwanza, wa pili wataonekana wazi.

Jambo la tatu ni kuwa shahidi. Msafiri wa peke yake anatozwa zaidi kwa sababu hana shahidi. Basi tuwe mashahidi wake. Viongozi wa parokia, pamoja na ndugu zetu Wakatoliki na wazee wa mtaa, waende kuongea na wakubwa wa barieri, kwa upole na bila kelele, wakiwa wengi. ECC na CENCO wametupa mlango kwa mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi vema pamoja, yaliyoanzishwa Januari 2025. Wengi wanadhani hayo ni mambo ya marais. Yanaweza kuanzia kwenye kamba ya kijiji chako.

Jambo la nne ni toba. Wako kati yetu waliofunga kamba, waliokula mihogo ya wapita-njia, na wako wachungaji waliopita barieri bure kwa sababu ya kola, wakaona nyuma yao mama akikamuliwa, wakanyamaza. Sisi tunaoandika tumo katika hao. Kuhani wa mfano ule naye alikuwa na safari yake.

Jumapili ijayo mama atasimama tena na kusema kwamba amefika. Tuseme Amina kwa sauti. Lakini ibada ikiisha, tumwendee chini ya mti, tumpe maji, tumuulize amepita wapi, amelipa wapi, ni nani amemsaidia na ni nani aliyebaki nyuma. Tuandike. Tuombe juu ya majina na kona, na siyo juu ya wasafiri wote kwa jumla.

Na tuzidi kumwomba Mungu siku ambayo hatakuwa na haja ya kusimama. Atashuka kwenye gari, atakung'uta vumbi, atawasalimu watoto, atawasha moto. Hakuna atakayepiga makofi, kwa sababu kufika kutakuwa jambo la kawaida.